SOMO LA HESABU NA MICHEZO: 12 KWA 0 SIKU YA KWANZA



Munajua wote mambo yaliyopita ku kiwanja chetu juma la kwanza la shampiona ya kalasi. Kalasi ya ine ilipigwa 6 kwa 0 na kalasi ya tano. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko wa kalasi ya ine, kwa hiyo hatuwezi kuficha kitu. Jioni ile ile maneno yalikuwa mingi: mmoja anasema antrenere atoke, mwingine anasema shida ni golikipa, mwingine anasema afazali tuondoe jina letu ku shampiona mbele ya kupata haya zaidi. Mwalimu wa hesabu alisikia makelele yetu. Hakutukemea. Alituuliza paka neno moja: "Mechi moja inawaonyesha nini?" Tulijibu wote kwa mara moja, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Akatuambia tutafute mfano wa ekipi iliyopigwa vibaya siku ya kwanza, tuuchunguze kwa kalamu na karatasi, kiisha tuuandike hapa.

Mfano tuliopata si wa mpira wa miguu. Ni wa besiboli, mchezo wa Wamarekani. Tuliuchagua juu ekipi zao kubwa, zile ambazo wachezaji wanalipwa mshahara, zinacheza mechi 162 mwaka mmoja, tangu masika yao mpaka kuingia mwezi wa 10. Ukitaka kujua kama mechi ya kwanza inasema kweli, pale utapata mechi zingine 161 za kuijaribu.

Kwanza sherti tueleze mchezo wenyewe, maana mwaka jana tulikutana na neno hili mu kitabu cha Kingereza na wote tulilipita sawa mutu anayeruka matope.

Kuna ekipi mbili, kila moja watu 9 ku kiwanja. Hazishambuliani pamoja sawa mu futiboli. Moja inapiga, ingine inalinda. Mrushaji wa ekipi inayolinda anasimama mbali metre 18 na kidogo, anarusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mpigaji anamngoja na fimbo ya muti. Akiupiga vizuri, anakimbia. Kuna vituo 4 vilivyopangwa ku pembe za mraba, na toka kituo mpaka kituo ni metre 27 na kidogo. Kituo cha ine ni pale pale alipoanzia, wanapaita nyumbani. Mutu akizunguka vyote na kurudi nyumbani, ekipi yake inapata pointi 1. Mpira ukivuka ukuta wa mwisho wa kiwanja, mpigaji anazunguka polepole bila hofu, na wenzake waliokuwa wakingoja ku vituo wanarudi nyumbani pamoja naye. Vituo vitatu vikiwa na watu, pigo moja la namna ile linaleta pointi 4.

Walinzi wanatafuta kuwatoa wapigaji. Akikosa mpira mara 3, anatoka. Mpira wake ukidakwa mbele ya kugusa udongo, anatoka. Mpira ukifika ku kituo cha kwanza mbele yake, anatoka. Watu 3 wakitoka, ekipi zinabadilishana. Zamu za kupiga ni 9 kwa kila ekipi.

Hapa kuna mambo mawili ambayo mchezaji wa futiboli anapashwa kuyashika vizuri, la sivyo hataelewa kitu.

Jambo la kwanza: hakuna dakika 90. Mu futiboli, ukiisha kufungwa magoli 4 unaweza kupiga mpira inje, golikipa akajifanya anaumwa mguu, wakati ukapita, arbitri akapiga filimbi (wa kalasi ya tatu wanajua hii kazi vizuri). Mu besiboli hauna njia hiyo. Tangu 2023 wameweka saa ya kumharakisha mrushaji, lakini si saa ya kumaliza mechi. Zamu inaisha paka ukiwatoa watu 3. Usipoweza kuwatoa, watapiga na kuzunguka, watapiga na kuzunguka, na wewe utabaki umesimama ku jua. Njo maana pointi zinaweza kufika 12, 16, hata kupita 20.

Jambo la pili ni orodha ya shampiona. Mu futiboli, ekipi mbili zikilingana, mara mingi wanaangalia tofauti ya magoli. Kupigwa 9 kwa 0, ginsi Zaire ilivyopigwa na Yugoslavia mu Kombe la Dunia 1974, kunabaki kumeandikwa pale na kunakufuata. Orodha ya besiboli ya Marekani inahesabu paka mechi: umeshinda ngapi, umeshindwa ngapi. Kushinda 12 kwa 0 na kushinda 1 kwa 0 ni kitu kimoja. Zile pointi 11 za juu hazibebwi mu mufuko kwenda mechi ya kesho.

Sasa tuingie Baltimore.

Tarehe 4 mwezi wa 4, 1988, ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka ya ekipi ya Baltimore, Orioles. Jina ni la ndege mmoja wa rangi ya machungwa na nyeusi. Kiwanja chao cha wakati ule, Memorial Stadium, kilijaa watu zaidi ya 50 000. Hii haikuwa ekipi ndogo. Ilikuwa imechukua ushindi wa inchi nzima mu 1966, mu 1970 na tena mu 1983. Lakini mwaka wa 1987 ilikuwa imeshindwa mechi 95 kwa 162. Wageni walikuwa Milwaukee Brewers. (Jina lao maana yake ni wapikaji wa bia, si sisi tuliolichagua.) Upande wa Baltimore mrushaji alikuwa Mike Boddicker, upande wa Milwaukee, Teddy Higuera, mutu wa Mexico.

Milwaukee walishinda 12 kwa 0. Mbele ya watu wao wenyewe, siku ya furaha, Orioles hawakurudisha hata mutu mmoja nyumbani.

Mechi ya pili wakashindwa. Ya tatu, wakashindwa. Wakiisha kushindwa mechi 6, wakubwa wa ekipi wakamfukuza antrenere. Mutu huyo aliitwa Cal Ripken, na watoto wake wawili, Cal na Billy, walikuwa wachezaji mu ekipi ile ile. Tulisimama kidogo ku neno hili. Asubui moja unaingia kuvaa nguo za mchezo, na baba yako ameondolewa kazi juu ya mechi ambazo wewe umeshindwa. Sherti ucheze vilevile.

Aliyechukua fasi yake ni Frank Robinson. Alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa ekipi hii mu 1966, na mu 1975, kule Cleveland, alikuwa mutu mweusi wa kwanza kuwa antrenere mkubwa mu shampiona kubwa za besiboli ya Marekani. Watu wakasema: sasa itabadilika. Haikubadilika. Mbele yao, ekipi mbaya kuliko zote ku mwanzo wa mwaka zilikuwa Washington ya 1904 na Detroit ya 1920. Kila moja ilishindwa mechi 13 za kwanza. Orioles wakafika 13, wakapita. 14, 15, 16. Mtangazaji mmoja wa redio ya Baltimore akaapa kwamba hatatoka hewani mpaka Orioles washinde. Kumbe aliitoa ahadi yake bila kufanya hesabu, maana alikaa pale saa 258. Siku karibu 11!

Mechi waliyoshindwa ya mwisho mu mstari ule ilikuwa ya 21. Tarehe 29 mwezi wa 4, kule Chicago, waliwapiga White Sox 9 kwa 0. Munaona namba: wao pia, siku yao ilipofika, hawakushinda kwa kidogo. Na kesho yake wakashindwa tena, na kesho kutwa pia. Waliporudi Baltimore walikuwa na mechi 1 ya kushinda na 23 za kushindwa.

Hapa njo tuliposimama kusoma, tukaangaliana. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa 5, ekipi ya 1 kwa 23 ilirudi ku kiwanja chake, na watu 50 402 walikuja kuipokea. Hawakuja kuzomea. Walikuja kuimba na kupiga makofi. Orioles waliwapiga Texas 9 kwa 4. Sisi, kalasi ya ine, tulipigwa mara moja, na siku ya pili ku mazoezi walikuja watu 7, mmoja wao bila viatu vyake juu alikuwa amekwisha kuviazimisha.

Tumalize mwaka wa 1988. Orioles walishinda mechi 54, wakashindwa 107. Boddicker, yule mrushaji wa siku ya kwanza, walimtuma Boston mwezi wa 7, wakapata vijana wawili, Brady Anderson na Curt Schilling. Wasomaji wanaojua besiboli wanajua ginsi majina hayo mawili yalivyokua nyuma.

Basi tulimrudia mwalimu. Wale waliosema tuvunje ekipi walifurahi sana: "Munaona! 12 kwa 0 ilisema kweli tangu siku ya kwanza." Mwalimu akasikiliza, kiisha akauliza kama tumetazama mwaka mmoja tu ao zaidi. Tulikuwa tumetazama mmoja. Akaturudisha ku meza.

Tukarudi nyuma miaka 10, na tukakuta ekipi zile zile mbili. Tarehe 7 mwezi wa 4, 1978, kule Milwaukee, siku ya kwanza ya mwaka, Brewers waliwapiga Orioles 11 kwa 3. Siku ya pili 16 kwa 3. Siku ya tatu 13 kwa 5. Mu kila mechi ya zile tatu, Brewers walipata lile pigo la pointi 4 la kuvuka ukuta na vituo vimejaa: kwanza Sixto Lezcano, kiisha Gorman Thomas, kiisha Cecil Cooper. Jumlisheni: pointi 40 kwa 11. Kama alama ya mechi moja ni mbaya, alama ya mechi tatu namna hii ni mbaya zaidi, sivyo?

Mwisho wa mwaka wa 1978, Milwaukee walikuwa wameshinda mechi 93. Baltimore, wale wa 40 kwa 11, walikuwa wameshinda 90. Tofauti ni mechi 3. Na mwaka uliofuata, 1979, Baltimore walishinda mechi 102.

Kwa hiyo ekipi ile ile, ikipigwa na adui yule yule, siku ile ile ya kwanza, mara moja ilikwenda kuanguka na mara moja ilikwenda kusimama. Wale waliofurahi walinyamaza. Lakini na sisi wengine hatukuwa na haki ya kufurahi, juu mfano wa 1978 hauondoi mfano wa 1988. Zote mbili zimeandikwa.

Sasa hesabu. Tulianza na mechi 21 za kushindwa. Ukisema kila mechi ni sawa kutupa feza moja juu, nusu kushinda na nusu kushindwa, basi kushindwa mara 21 kwa mstari ni 1 kwa 2 097 152 (pigeni 2 mara 2 mpaka mara 21, mutapata). Tuseme haiwezekani. Lakini Orioles wa 1988 hawakuwa ekipi ya nusu kwa nusu. Mwaka mzima walishindwa karibu mechi 2 kwa kila 3. Tukichukua 2/3 na kuizidisha mara 21, tunapata karibu 1 kwa 5 000. Bado ni jambo gumu kutokea, lakini halijafika mbali sawa lile la kwanza. Maana yake: ekipi ilikuwa zaifu kweli, na tena ilipatwa na bahati mbaya kupita uzaifu wake. Mambo mawili, si moja. Mutu anayeangalia mwezi wa kwanza peke yake hawezi kuyatenga. (Mmoja wetu alisema mechi hazifanani na kutupa feza, sababu mutu aliyekwisha kushindwa mara 15 anatetemeka. Ni kweli. Hesabu hii haijui kutetemeka.)

Tulikuta pia hesabu nzuri ya Mmarekani Bill James, aliyeanza kutoa vitabu vyake vya hesabu za besiboli mu 1977. Unachukua pointi ambazo ekipi imepata mwaka mzima, unazizidisha kwa zenyewe. Unachukua pointi ilizofungwa, unazizidisha kwa zenyewe pia. Kiisha unagawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu linakuonyesha sehemu ya mechi ambazo ekipi inapashwa kushinda. Orioles wa 1988 walipata pointi 550, wakafungwa 789. Basi 550 mara 550 ni 302 500, na 789 mara 789 ni 622 521. Jumla ni 925 021. Kugawanya kunatoa 0,327. Mechi zao zilikuwa 161, kwa hiyo wangeshinda karibu 53. Walishinda 54. Tulipoona jibu hili ku ubao, mutu alipiga kelele kama vile goli limeingia.

Lakini sasa ingizeni mechi ya siku ya kwanza peke yake mu hesabu ile ile. Milwaukee: 12 mara 12 ni 144. Baltimore: 0. Gawanyeni 144 kwa 144, inatoa 1. Yaani hesabu inasema Milwaukee watashinda mechi zote 162, na Baltimore hawatashinda hata moja milele. Hesabu haikuharibika. Ni chakula tulichoipa njo kidogo sana.

Na Milwaukee wenyewe? Mwaka ule wa 1988 walimaliza na mechi 87 za kushinda. Boston, waliokuwa wa kwanza mu kundi lao, walikuwa na 89. Walikosa mechi 2 tu. Pale kuna uchungu: siku ya kwanza walipata pointi 12 ambako moja ingetosha. Zile 11 za juu, kama wangaliweza kuziweka kando na kuzitumia mwezi wa 8 ao wa 9 siku walipohitaji moja moja! Haiwezekani. Zilifia pale pale Baltimore.

Wengine watasema hii ni mifano ya zamani. Basi tarehe 29 mwezi wa 3, 2018, Chicago White Sox walikwenda Kansas City, wakashinda siku ya kwanza 14 kwa 7, na mapigo 6 ya kuvuka ukuta. Mutu mmoja, Matt Davidson, alipiga 3. Mwisho wa mwaka walikuwa wameshindwa mechi 100. Na Kansas City, waliopigwa siku ile, walishindwa 104. Pale hakuna aliyepona.

Linabaki neno la antrenere, maana njo lilianzisha mabishano. Tulitenga mechi za 1988 mu mafungu mawili. Chini ya Ripken: 0 za kushinda, 6 za kushindwa. Chini ya Robinson: 54 za kushinda, 101 za kushindwa, na ndani yake 15 za kwanza zote za kushindwa. Kubadilisha mutu juu ya mechi 6 hakukuzuia mechi ya 7. Lakini wakubwa wakamwacha Robinson, hata na zile 101. Mwaka wa 1989 Orioles walishinda 87, wakashindwa 75, wakawa wa pili nyuma ya Toronto kwa mechi 2, wakishindania fasi ya kwanza mpaka siku za mwisho kabisa za mwaka. Antrenere alikuwa yule yule Robinson.

Antrenere wetu pia hakutoka. Tunacheza mechi ya pili siku ya posho, na kalasi ya tatu, saa tisa.

Zoezi. Mwaka wa 1989 Orioles walipata pointi 708, wakafungwa 686, mu mechi 162. Tafuteni kwa hesabu ya Bill James wangeshinda ngapi. Kiisha elezeni kwa mistari mitatu sababu gani jibu lenu halifiki 87. Muandike jina na kalasi, mutie karatasi mu sanduku ku mlango wa bibliotheki mbele ya siku ya tano. Wa kalasi ya tano wanaweza kujibu pia, lakini wasiandike 6 kwa 0 pembeni ya karatasi sawa walivyofanya juma lililopita.